Laxton: Kijiji Kilichobaki Bila Ua

Wengi wetu picha ya kijiji cha Kiingereza tunayo kichwani: kanisa la mawe, baa ya zamani, na mashamba yaliyozungushiwa ua, kila mtu na chake. Tukadhani Waingereza walizaliwa hivyo, na hati ya shamba mfukoni. Sivyo, ndugu msomaji. Ua ule uliletwa, tena mara nyingi kwa nguvu ya sheria.

Hebu twende Laxton, kijiji kidogo cha Nottinghamshire, katikati ya Uingereza. Hadi leo pana mashamba matatu makubwa yasiyo na ua ndani: Shamba la Magharibi, Shamba la Kusini na Shamba la Kinu. Yamegawanywa ngwe ngwe, na ngwe za mkulima mmoja hazikai pamoja. Moja huku, nyingine kule, katikati ngwe za jirani. Mgeni ataona vurugu tupu. Kumbe pana utaratibu. Shamba moja hupandwa ngano kabla ya majira ya baridi, la pili hupandwa baridi ikiisha, la tatu hupumzishwa. Mwaka ukigeuka, na zamu zinageuka. Huwezi kuamka tu asubuhi ukapanda utakacho.

Anayesimamia haya ni baraza la kijiji, lililorithiwa tangu enzi za makabaila. Kila mwishoni mwa Novemba wakaguzi, wakulima wenyewe, hulizunguka shamba litakalokuwa na ngano. Wanapigilia vigingi vya mipaka, wanatazama nani kalima hadi njiani au kala nyasi za wote kwa plau yake. Kisha wanakwenda kula pamoja, na wiki inayofuata baraza linakaa baani, mkosaji anapigwa faini. Faini yenyewe ndogo. Aibu ya kutajwa mbele ya majirani ndiyo kubwa.

Zamani sehemu kubwa ya Uingereza ililimwa namna hii. Kati ya 1604 na 1914 Bunge lao lilipitisha sheria zaidi ya 5,200 za kuzungushia ardhi ua, zikagusa kiasi cha sehemu moja ya tano ya nchi. Tusidanganyane, mavuno yaliongezeka sehemu nyingi. Lakini mnyonge aliyekuwa na haki ya kulisha ng'ombe wake mmoja tu kwenye malisho ya wote, haki hiyo ilimponyoka. Akabaki kibarua.

Laxton ilisalimika vipi? Si kwa ushujaa. Hata huko sehemu ya ardhi ilizungushiwa ua kidogo kidogo, na mwanzoni mwa karne ya 20 ngwe ziliunganishwa zikawa chache na pana zaidi. Ila kazi haikufika mwisho, kwani ardhi ilikuwa na wakubwa wawili, Manvers na Scarbrough, na kukubaliana haikuwa rahisi. Ramani ya kijiji iliyochorwa mwaka 1635, ambayo sasa iko Oxford, inaonyesha ngwe hizo pamoja na watu wakilima na kuvuna.

Mwaka 1952 Manvers aliuza. Mnunuzi alikuwa Wizara ya Kilimo ya Uingereza, kusudi utaratibu ule usife. Mwaka 1981 ardhi ikaenda kwa shirika linalosimamia mali za Taji, na mwaka 2020 ikauzwa kwa Thoresby Estate, yaani ikarudi kwenye milki ya ukoo wa Manvers.

Sasa tulia hapo kwenye 1952. Miaka miwili tu baadaye, 1954, serikali ya kikoloni nchini Kenya ilitoa Mpango wa Swynnerton. Vipande vya Waafrika vilivyotawanyika vikusanywe, kila mtu apewe shamba moja lenye hati. Kutawanyika kulihesabiwa kikwazo cha maendeleo. Kule Mkoa wa Kati kazi hiyo ilifanywa wakati wa Hali ya Hatari, wengine wakiwa kizuizini. Waliporudi walikuta mipaka imeshachorwa. Dola ileile, mkono mmoja unanunua ngwe ili zihifadhiwe, mkono mwingine unazifuta.

Sisemi turudi kwenye jembe la mkono, wala kwamba hati ni mbaya. Hata wakulima wa Laxton wanalima kwa trekta. Ninachosema ni kwamba tumefundishwa kuona haya kwa ardhi yenye sauti ya wengi, eti ni ushamba wa Mwafrika. Basi ajuaye habari za Laxton ana la kujibu. Kule mkulima ana ngwe zake, na jirani bado ana haki ya kuja kuangalia kigingi kimesimama wapi.