Ng'ombe, dhahabu na ujira wa anayemlea mzee

Siku ya malipo ya ruzuku ya TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, katika kijiji kimoja cha mkoa wa Shinyanga, watu huanza kufika jua halijapanda. "Mwangaluka, mayu," vijana huwaamkia bibi waliokaa kivulini. Mtazame anayekuja na mzee wake. Mara nyingi ni mwanamke: binti aliyerudi nyumbani, au mkamwana ambaye mumewe yuko Geita kwenye maduara ya dhahabu. Mkono mmoja amemshika kikongwe kiwiko, mwingine umebeba kifuko chenye kitambulisho. Pesa zikitoka, ndiye anayezihesabu, anayezifunga kwenye pindo la kanga na kumrudisha mzee nyumbani polepole. Kwenye daftari limeandikwa jina la kaya. Kazi ya mwanamke huyo ya kuogesha, kulisha na kukesha haijaandikwa popote.

Katika Usukuma ya zamani kazi hiyo ilikuwa na malipo, ingawa hakuna aliyeyaita mshahara. Aliyebaki na wazazi alibaki na ng'ombe: maziwa yake, samadi yake, na mahari ya kesho. Alilima shamba akijua atalirithi.

Mambo yalibadilika kijana alipoanza kufuata ujira mbali. Mgodi wa zamani wa Geita ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi 1966, na almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Mwaka 1964 ukaanzishwa Mfuko wa Akiba wa Taifa, ambao baadaye ulikuja kuwa Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii, NSSF. Mfuko ule ulimfuata mwenye ajira. Mkulima wa pamba hakuwemo, wala mke wa mchimbaji aliyebaki kijijini na wakwe. Mgodi mkubwa wa Geita ulipofunguliwa mwaka 2000 na Bulyanhulu mwaka 2001, huku wachimbaji wadogo wakimiminika kila uliposikika mlipuko mpya wa dhahabu, nyumba nyingi zilibaki na mzee, wajukuu na mwanamke mmoja.

Nyumba kupungukiwa watu kulikuwa na hatari yake hata kabla ya migodi hiyo mipya. Kati ya 1970 na 1984 zaidi ya watu 3,000 waliuawa nchini kwa tuhuma za uchawi, wengi wao katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, na wengi wakiwa wanawake wazee. Macho mekundu yalihesabiwa kuwa ushahidi, wakati wekundu ule ulitokana na miaka ya kupikia kuni na kinyesi cha ng'ombe kwenye jiko la mafiga. Ndiyo maana naamini kuwa mtu wa kulala nyumba moja na bibi si msaidizi wa jikoni tu. Ni mlinzi wake.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema wazi kuwa familia itabaki kuwa msingi wa matunzo ya wazee. Familia ikakabidhiwa kazi, fungu la kuifanyia halikufuata. Mwaka huohuo, jirani na Geita, shirika la Kwa Wazee lilianza huko Nshamba, Muleba, kuwapa pensheni ndogo bibi waliokuwa wakilea wajukuu walioachwa yatima na UKIMWI, pamoja na nyongeza kwa kila mtoto. Hapo aliyelea alihesabiwa.

Serikali ilijaribu kutoa ruzuku mwaka 2010 kupitia TASAF katika Bagamoyo, Chamwino na Kibaha, na mwaka 2012 mpango wa kunusuru kaya maskini ukazinduliwa kwa nchi nzima. Katika majaribio yale mzee alitakiwa kwenda kliniki ili ruzuku iendelee. Aliyempeleka kliniki, akapoteza siku ya kupalilia, hakuwa na kiwango chake. Zanzibar ilianza pensheni jamii mwaka 2016 kwa kila mwenye miaka 70 na kuendelea, hatua kubwa, lakini nayo ni ya mzee mwenyewe. Hata Uingereza, iliyoanza kumlipa anayemtunza ndugu mwaka 1976, iliwanyima wanawake walioolewa hadi 1986, kana kwamba kulea ni sehemu ya ndoa.

Leo msaada mkubwa hupita kwenye simu. Kijana akipata mawe mazuri hutuma, na nyumbani humkumbusha: "Weka na ya kutolea." Mawe yakikosekana, simu hunyamaza mwezi mzima, na mzee anakula kila siku.

Halmashauri za ukanda huu hupokea ushuru wa huduma kutoka migodini, na tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2017 kampuni lazima zikubaliane nazo mipango ya kuchangia jamii. Madarasa na zahanati zimejengwa, na zilihitajika. Madiwani wa Geita, Kahama na Shinyanga, mkikaa tena kwenye bajeti, tengeni fungu kwa jina la anayemlea mzee, hata likianza dogo.