Watembeao Juu ya Maji

Kiangazi, Mto Simiyu hukatika na kubaki madimbwi. Chutama ukingoni, utazame maji yaliyotulia: mdudu mwembamba mwenye miguu mirefu anateleza juu yake bila kulowa. Chembe za maji huvutana, na mvutano huo huukaza uso wa maji mithili ya ngozi ya ngoma. Miguu yake ina vinyweleo vidogo mno vinavyonasa hewa, hivyo uso hubonyea pasipo kupasuka. Miguu ya kati humsukuma, ya nyuma humwelekeza. Ya mbele ni ya kuwinda, na hapa ndipo ustadi wake ulipo: humtambua mdudu aliyeangukia majini kwa viwimbi anavyotoa akitapatapa. Tafadhali, usifulie dimbwini. Sabuni hulegeza mvutano, naye huzama.