Viini vya maua vya Daktari Bach: vilikotoka, na nini cha kuzingatia

Ndugu mkulima, ndugu mfanyabiashara, kuna chupa ndogo za matone ziitwazo viini vya maua. Wauzaji husema zinaondoa hofu, huzuni na msongo wa mawazo. Kabla hujatoa fedha yako, fahamu historia yake.

Zilianzia Uingereza. Edward Bach alizaliwa mwaka 1886 karibu na Birmingham, akawa daktari na mchunguzi wa bakteria London. Aliamini kwamba mwili huugua kwa sababu moyo una dukuduku. Mwaka 1930 aliacha kazi mjini, akaenda vijijini kutafuta dawa katika mimea ya porini. Alipofariki mwaka 1936, akiwa na miaka 50, alikuwa na orodha ya dawa 38, kila moja na hali yake. Mzeituni, kwa mfano, aliupanga kwa mtu aliyechoka kupita kiasi. Moja kati ya hizo 38 haina ua lolote, ni maji ya chemchemi tu.

Maua yaliwekwa juu ya maji safi kwenye bakuli la kioo, yakaachwa juani saa tatu hivi. Mengine, hasa ya miti, yalichemshwa nusu saa. Maji yalichujwa, yakachanganywa na brandi nusu kwa nusu yasiharibike. Kisha matone mawili tu yalitiwa katika chupa ya mililita 30 yenye brandi.

Tupige hesabu. Maji mililita 300 na brandi mililita 300 ni mililita 600. Kila mililita ina matone kama 20, hivyo una matone 12,000. Hayo ni chupa 6,000 kutoka bakuli moja!

Sasa zingatia haya:

1. Mkulima: akija mtu kukuambia ulime ekari ya maua kwa ajili ya viini hivi, kumbuka bakuli lile. Dai mkataba wa maandishi kwanza.

2. Mfanyabiashara: usivichanganye na mafuta ya maua. Mafuta ya mlangilangi, kama yale ya Komoro, hukamuliwa kwa mvuke kutoka maua mengi na yana harufu kali. Soma lebo ya viini: vingi vina pombe. Mwambie mteja, hasa asiyetumia pombe au anayemnunulia mtoto.

3. Mtumiaji: mwaka 2010 Profesa Edzard Ernst alipitia majaribio yaliyofanywa, akaona viini hivi havikuzidi matone matupu. Katika jaribio moja la watu wenye hofu ya mtihani, hofu ilipungua kwa waliopewa viini na kwa waliopewa matone matupu vilevile.

Lakini jambo moja la Bach tulichukue, nalo ni bure: alimuuliza mgonjwa kinachomsumbua moyoni. Jirani aliyepoteza mavuno au mwenye deni lisilolipika anahitaji kuulizwa hivyo. Akikosa usingizi kwa wiki kadhaa, akijitenga au akisema amechoka kuishi, usimnunulie matone. Msindikize kituo cha afya, usimwache peke yake, na viuatilifu vyote vya nyumbani vifungiwe kwa kufuli, ufunguo ukae kwa mtu mwingine.