Kwa Betri Nne

Ndugu msomaji, usishangae kumwona mzee aliyeshika chaki maisha yake yote akiandika habari za michezo ya video. Mimi mwenyewe siichezi. Lakini nimeifuatilia historia ya biashara hiyo kwa makini, kwa sababu ndani yake nimekuta kosa nililolifanya nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, ambalo sikulitambua hadi nilipostaafu.

Historia yenyewe inaanzia mjini Kyoto, nchini Japani. Mwaka 1889 Fusajiro Yamauchi alianza kutengeneza karata zenye picha za maua. Biashara hiyo ndiyo iliyokuja kuwa kampuni ya Nintendo. Mwaka 1965 iliajiriwa na kampuni hiyo akili moja ya ajabu, kijana Gunpei Yokoi, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza mitambo ya karata. Ili kupitisha wakati alijiundia kichezeo cha mkono unaorefuka. Mkubwa wa kampuni, Hiroshi Yamauchi, alipokiona hakumkaripia, bali aliagiza kitengenezwe na kuuzwa.

Baadaye Yokoi, akiwa ndani ya treni, alimwona abiria akibonyezabonyeza kikokotoo kwa kukosa la kufanya. Kutokana na wazo hilo, mwaka 1980 ikatoka Game & Watch, michezo ya mfukoni iliyoundwa kwa ufundi ule ule wa vikokotoo, ambao wakati huo ulikwisha kuwa rahisi. Hiyo ndiyo iliyokuwa imani yake: chukua ufundi uliozoeleka, usiomshangaza tena fundi yeyote, kisha uutafutie kazi mpya.

Mwaka 1989 Nintendo ikatoa Game Boy. Kioo chake hakikuwa na rangi wala taa. Mwaka huo huo kampuni ya Atari ya Marekani ilitoa Lynx, na mwaka 1990 Sega ya Japani ikatoa Game Gear, zote zikiwa na vioo vya rangi vyenye mwanga. Mtu aliyezipanga mezani angesema shindano limekwisha. Kumbe lilikuwa halijaanza. Zile mbili zilimaliza betri sita kwa saa chache tu, lakini Game Boy ilitumia betri nne kwa zaidi ya saa kumi, tena bei yake ilikuwa nafuu. Game Boy na ndugu yake ya rangi iliyofuata mwaka 1998 ziliuzwa zaidi ya milioni 118. Game Gear haikufika hata milioni 12.

Mwaka 1997 Clayton Christensen, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Harvard, alitoa kitabu kilichoeleza jambo la namna hii. Kampuni kubwa, alionyesha, mara nyingi haishindwi kwa uvivu. Hushindwa kwa kuwasikiliza mno wateja wake bora, ikiwaongezea nguvu juu ya nguvu hadi kupita mahitaji ya watu wengi, huku mwingine akiingia kwa mlango wa chini na kitu rahisi.

Nintendo yenyewe ilipata kulisahau somo hili. Katika mbio za nguvu, GameCube yake ya mwaka 2001 haikufika milioni 22, wakati PlayStation 2 ya Sony ilipita milioni 150. Ndipo chini ya uongozi wa Satoru Iwata walipojiuliza: ni nani asiyecheza, na kwa nini? Jibu lilikuwa Wii ya mwaka 2006, yenye kishikio kinachopungwa hewani kama mtu apigaye mpira wa tenisi. Nchini Marekani iliuzwa dola 250, ilhali PlayStation 3 iliyo rahisi kabisa ilikuwa dola 499. Wazee na akina mama waliokuwa hawajawahi kucheza waliinunua, na zikauzwa zaidi ya milioni 101.

Hata hivyo, mpanda ngazi hushuka. Kuanzia mwaka 2008 michezo rahisi ilijaa katika simu, na wale wageni wa Wii wakaipata humo bila kununua mashine nyingine. Wii U ya mwaka 2012 haikufika milioni 14. Swali la Iwata lilikuwa halijibiwi mara moja tu. Kila kizazi kilitakiwa kuliuliza upya.

Sasa nirudi kwenye kosa langu. Katika mazoezi ya kufundisha niliwahi kumpa alama za juu mwanachuo aliyejaza ubao na kuuliza maswali mazito, yaliyojibiwa na watoto wanne wa dawati la mbele. Mwenzake alifundisha kutoa kwa vifuniko vya soda. Katika kitabu chake niliandika: zana duni. Ni kweli kwamba darasani kwake mikono ilinyooshwa hadi dawati la mwisho. Niliiona mikono ile, lakini sikuihesabu, kwa kuwa nilikuwa nimekuja kupima uwezo wa mwalimu, sikuja kuuliza ni nani aliyefikiwa na somo.

Yule kijana sikuonana naye tena. Natumaini aliipuuza alama yangu, akaendelea na vifuniko vyake.