Tetsugaku na Bigaku: Istilahi Mbili na Usomaji wa Fikra za Asia ya Mashariki

Msomaji wa leo anayefungua maandishi ya Confucius au mashairi ya kale ya Japani huyakuta yamekwisha kupangwa katika mafungu mawili: falsafa na ujumi. Ni nadra ajiulize ni nani aliyeyapanga hivyo, na lini. Historia ya istilahi mbili za Kijapani, tetsugaku (falsafa) na bigaku (ujumi), inadhihirisha kwamba mpango huo ni wa karne ya 19, na kwamba hadi leo unaelekeza ufasiri.

Nishi Amane (1829–1897) alisoma sheria, uchumi na takwimu huko Leiden, Uholanzi, kuanzia mwaka 1863 hadi 1865. Aliporudi alikabiliwa na tatizo la kiisimu: neno la Kiyunani philosophia litaitwaje kwa Kijapani? Lilikuwapo neno la zamani, rigaku, lililotumiwa na wanazuoni wa Kikonfusio. Nishi aliliepuka kwa makusudi, ili elimu ya Ulaya isichanganywe na elimu ya Confucius. Badala yake alibuni tetsugaku, na kulitangaza katika kitabu chake cha mwaka 1874. Bigaku lilienea baada ya Nakae Chōmin (1847–1901) kutafsiri kitabu cha Mfaransa Eugène Véron kuhusu ujumi, tafsiri iliyotolewa mwaka 1883 na 1884. Kwa kuwa maneno yote mawili yaliandikwa kwa herufi za Kichina, yalivuka bahari bila taabu: Wachina wanayasoma zhexue na meixue, Wakorea cheolhak na mihak.

Hapa pana kinaya. Neno lililobuniwa ili kutenganisha likaja kutumiwa kuunganisha. Mwaka 1919 Hu Shi alichapisha juzuu ya kwanza ya historia ya falsafa ya China, akianzia kwa Laozi na Confucius. Feng Youlan, aliyemfuata katika miaka ya 1930, alikiri waziwazi kwamba kuandika historia ya namna hiyo ni kuchagua, katika elimu za Kichina, yale yanayoweza kuitwa kwa jina hilo la Magharibi. Chōmin naye, alipokuwa mgonjwa mwaka 1901, aliandika kwamba Japani haijapata kuwa na falsafa tangu kale. Mmoja alichagua, mwingine alikana. Lakini wote wawili walipima kwa kipimo kimoja.

Upande wa ujumi hali ni ile ile. Motoori Norinaga (1730–1801) alieleza mono no aware, yaani moyo kuguswa na mambo, alipokuwa akifafanua mashairi na hadithi ya Genji. Hakujua elimu iitwayo ujumi. Leo dhana yake hutajwa kama mfano wake bora. Mwaka 1930 Kuki Shūzō, aliyekuwa amesoma Ulaya, alichambua neno iki na kusisitiza kwamba hakuna neno la Kifaransa wala la Kijerumani linalolingana nalo barabara. Heidegger, katika mazungumzo aliyoyachapisha mwaka 1959, alimkumbuka Kuki na kuuliza kama istilahi za Ulaya haziifichi sanaa ya Japani badala ya kuifafanua.

Swali hilo si geni Kongo, ambako kitabu cha Placide Tempels juu ya falsafa ya Kibantu kilitolewa Elisabethville mwaka 1945 na kuzusha mjadala wa aina hiyo hiyo. Wala Kiswahili hakina kinga: falsafa ni neno tulilolipata kwa Waarabu, nao walilitoa kwa Wayunani.

Haifai kuyatupa maneno hayo, kwani bila ya istilahi hapana mlinganisho. Linalotakiwa ni msomaji aulize kwanza matini yenyewe inaiitaje kazi yake. Confucius alizungumzia xue, yaani kujifunza, na dao, yaani njia. Jina la falsafa lije baadaye, likiwa swali, lisiwe hukumu iliyotangulia ushahidi.