Wasichana waliouza miswaki wakarudi na ubingwa (Sehemu ya 3)

Wamama zangu wa Bukoba na Muleba, na nyie kina baba mnaosoma kimyakimya bila kukoment, leo naweka pembeni kidogo mambo ya uji na chanjo. Nataka niwape historia, lakini mwisho wake utarudi kliniki, msiwe na wasiwasi.

Kilicholeta mada ni hiki. Wiki iliyopita mama mmoja wa huku kwetu Kaagya alileta kichanga chake kuchanjwa. Tulipomaliza hakuondoka. Akasubiri wenzake wapungue, akanisogelea: "Nesi, binti yangu mkubwa yuko kidato cha pili, wamemchagua timu ya mpira wa kikapu. Bibi yake kakataa kabisa, anasema kurukaruka kutamharibu kizazi. Nifanyeje?"

Sikumcheka. Mimi mwenyewe nilitolewa kwenye timu ya netiboli nikiwa darasa la saba, kwa maneno hayohayo, mara tu nilipovunja ungo. Nilikaa pembeni ya kiwanja nikiwashikia wenzangu viatu. Kwa hiyo nilimwambia akae, nikamsimulia haya ninayowaandikia.

Kwanza jueni kwamba hofu hii si ya bibi zetu peke yao. Mpira wa kikapu ulianzishwa Desemba 1891 huko Springfield, Marekani, na mwalimu James Naismith. Alitundika vikapu vya kuwekea matunda, vikapu kwelikweli, vijana wakawa wanarushia mpira humo. Muda si mrefu mwalimu wa kike, Senda Berenson, akaupeleka kwa wasichana wa chuo cha Smith. Mchezo wao wa kwanza ulikuwa Machi 1893, na wanaume hawakuruhusiwa kuingia kutazama.

Enzi hizo hata madaktari wakubwa waliamini mwanamke ana nguvu kidogo na akizitumia kukimbia au kusoma sana, uzazi utakosa. Basi wasichana wakawekewa sheria za kuwapunguzia mwendo. Kiwanja kiligawanywa sehemu tatu, kila mchezaji abaki kwenye yake. Mchezo ulipovuka kwenda Uingereza ukageuzwa ukawa netiboli. Ndiyo maana hadi leo kwenye mpira wa pete wa shule zetu kila msichana ana eneo lake asiloruhusiwa kutoka. Tumeucheza miaka yote bila kujua kwamba ndani yake kuna hofu ya watu wa zamani.

Huko Marekani ilichukua muda mrefu sana. Ni mwaka 1971 tu ndipo wasichana wa vyuo waliporuhusiwa rasmi kucheza watano kwa watano uwanja mzima kama wanaume. Na hapo ndipo inapoingia timu ninayoipenda.

Kuna chuo kidogo kinaitwa Immaculata, jimbo la Pennsylvania, karibu na Philadelphia. Kilikuwa chuo cha wasichana kinachoendeshwa na masista wa Kikatoliki. Sisi tuliolelewa na misheni tunaelewa mazingira: nidhamu kali, pesa hakuna. Jengo lao la michezo lilikuwa limeungua mwaka 1967, wakawa wanafanyia mazoezi kwenye nyumba ya malezi ya masista. Mwaka 1970 wakamwajiri kocha kijana, Cathy Rush. Alilipwa dola 450 kwa msimu mzima. Wachezaji walivaa magauni mafupi ya sufi yenye kaptula ndani. Hebu fikiria kukimbia na sufi!

Machi 1972 yakaandaliwa mashindano ya kwanza ya taifa ya vyuo vya wasichana chini ya chama chao kipya, mji wa Normal, jimbo la Illinois. Immaculata walikuwa wametoka tu kufungwa na jirani zao West Chester kwa tofauti ya pointi 32. Thelathini na mbili! Nani angewategemea? Halafu nauli hawana. Wasichana wakaanza kuuza miswaki ili wapate pesa. Ndiyo, miswaki ya meno. Hata hivyo pesa ilitosha watu wachache, wakasafiri wachezaji wanane tu, wengine wakabaki nyumbani.

Hao wanane walishinda mechi moja, ya pili, ya tatu, hadi fainali. Na fainali wakakutana na nani? West Chester walewale. Matokeo yalikuwa 52 kwa 48, Immaculata mabingwa. Wakachukua tena 1973, wakachukua tena 1974.

Ninachokipenda zaidi ni mashabiki wao. Baba wa mchezaji mmoja alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi, akawa anakuja na ndoo za bati na vijiti. Masista wakiwa na mavazi yao ya utawa wanazigonga hizo ndoo uwanja mzima unatetemeka. Februari 1975 timu hiyo ilicheza kwenye ukumbi maarufu wa Madison Square Garden, New York, mara ya kwanza wanawake kucheza mpira wa kikapu humo. Walikuja watu karibu 12,000.

Na kilichofuata ndicho hasa nilichomwambia yule mama. Mchezaji wao mrefu, Theresa Shank, alikuwa amebaki chuo cha karibu na nyumbani kwa sababu nyumba ya familia yake iliungua. Miaka 20 baadaye ndiye aliyekuwa kocha wa timu ya wanawake ya Marekani kwenye Olimpiki ya 1992 Barcelona. Mwenzake Marianne Crawford naye akawa kocha bingwa wa vyuo. Mpira uliwapa kazi na maisha.

Lakini nisiwadanganye kwamba mambo yalienda sawa mpaka mwisho. Juni 1972 Marekani ilipitisha sheria ya kuzuia ubaguzi wa kijinsia kwenye shule na vyuo vinavyopokea pesa ya serikali. Vyuo vikubwa vikaanza kuwekeza kwa wasichana na kuwalipia ada wachezaji wazuri. Chuo kidogo cha masista hakikuweza kushindana. Mlango waliosaidia kuufungua, wengine ndio waliopita. Ila timu haikusahauliwa: mwaka 2014 iliingizwa kwenye jumba la kumbukumbu la mpira wa kikapu linaloitwa kwa jina la Naismith.

Sasa turudi kliniki. Kukimbia na kuruka hakuharibu kizazi. Kizazi kimekaa ndani ya nyonga, kimeshikiliwa vizuri, hakidondoki kwa kuruka. Hata akiwa kwenye hedhi anaweza kucheza kama anajisikia vizuri na ana pedi au kitambaa safi. Shirika la Afya Duniani linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 za mazoezi kila siku.

Tahadhari zipo pia. Mwenye sikoseli, pumu au tatizo la moyo aje kwanza tuongee. Anayecheza ale vizuri: ndizi na maharage, dagaa, mboga za majani, senene msimu ukifika. Anywe maji. Na kama hedhi ilishaanza halafu ikapotea miezi mitatu, mlete, msikae nayo nyumbani.

Yule mama aliniuliza, "Na bibi yake nitamwambiaje?" Nikamwambia asibishane naye, bibi anaogopa kwa sababu anampenda mjukuu. Amchukue wakamwangalie pamoja akicheza. Ikiwezekana wabebe na ndoo.

Binti wa kwako anacheza nini, na nani nyumbani anamkataza? Niandikieni hapo chini. Sehemu ya 4 nitajibu maswali ya hedhi na michezo.