Jinsi njia ya chini inavyojengwa bila kufunga barabara kuu

Kupitisha njia chini ya barabara kuu huku magari yakiendelea kupita juu yake ni miongoni mwa kazi ngumu katika uhandisi wa ujenzi. Ardhi ikititia kidogo tu, lami hubonyea, na gari lililo katika mwendo wa kasi laweza kupoteza mwelekeo.

Utaratibu wa kawaida ni kuchimba kutoka juu, kujenga kuta na paa, kisha kufukia. Barabara ikiwa haiwezi kufungwa yote, magari huhamishiwa upande mmoja wakati upande wa pili ukichimbwa. Gharama yake kwa madereva ni foleni za miezi kadhaa.

Uholanzi iliwahi kuchagua kufunga kwa muda mfupi. Mwezi Mei 2016, karibu na mji wa Ede, barabara kuu ya A12 ilifungwa kwa mwisho wa juma mmoja tu. Handaki la zege lenye urefu wa mita 70, lililokwisha kujengwa pembeni, lilisogezwa hadi mahali pake, na magari yakarejea.

Kusukuma sanduku

Ipo njia nyingine isiyohitaji kufunga barabara. Sanduku la zege hujengwa kando ya tuta, kisha majeki ya haidroli hulisukuma polepole kuingia ardhini. Mbele yake huwekwa ngao ya chuma yenye makali, na udongo huchimbwa ndani ya ngao hiyo, hatua kwa hatua.

Usalama wa walio juu hutegemea kulinganisha uchimbaji na msukumo. Udongo ukichimbwa kupita kiasi, pengo hubaki na barabara hutitia. Ukichimbwa pungufu, sanduku huusukuma mbele na lami huinuka.

Hatari ya pili ni msuguano. Paa la sanduku pana laweza kuikokota ardhi iliyo juu yake pamoja na lami. Dawa yake ni kutandaza nyaya za chuma kati ya paa na udongo, zikiwa zimefungwa imara kwenye shimo la kuanzia. Nyaya hizo hubaki zimetulia, na sanduku huteleza chini yake.

Mbinu hiyo ilitumika mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya barabara ya M1 karibu na Northampton, Uingereza, ambako lilisukumwa sanduku la urefu wa takriban mita 45, upana wa mita 14 na kimo cha mita 8.5.

Udongo ukiwa laini na wenye maji, tahadhari huongezeka. Mjini Boston, Marekani, ambako mahandaki yalisukumwa chini ya reli zilizokuwa zikitumika, ardhi iligandishwa kwanza kwa mabomba yaliyopitisha maji ya chumvi yenye baridi kali. Hata hivyo, maji yakiganda hupanuka na kuinua ardhi, hivyo reli nazo zilihitaji kuangaliwa daima.

Wakati wote wa kazi, vipimo vya lami huchukuliwa mara kwa mara, na kikomo cha mtikisiko kikifikiwa, majeki husimamishwa. Lakini kinga iliyo kubwa huanza mapema zaidi, katika uchunguzi wa udongo, kina cha maji na mabomba yaliyofukiwa. Uchunguzi huo ukifanywa kwa pupa, anayebeba hatari ni dereva aliye juu, asiyejua kwamba chini yake kuna watu wanaochimba.